Stendi Haina Mkwe

Haya niliambiwa na Orpah mwenyewe, binti wa Ongeri, mwaka jana wakati wa mvua za Aprili, tukiwa tumekaa pale kituo cha majani chai na vikapu vyetu, tukingoja lori. Lori lilikuwa limekwama mahali, kama kawaida yake, na Orpah hawezi kukaa kimya penye wanawake wengi. Mumewe Walter, Mungu amlaze pema, aliwahi kunigusia jambo hili mara moja, akaanza kucheka, akaliacha njiani. Orpah hakuliacha njiani. Alipomaliza, majani yetu yalikuwa yameanza kunyauka na hakuna aliyelalamika.

Ilikuwa mwaka wa sabini na moja. Orpah na Walter walikuwa wamepanga chumba Kisii mjini, na mtoto wao wa kwanza, Nyamusi, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Walter alifanya kazi katika duka la Bwana Machogu, lililouza redio, sindano za gramafoni na santuri. Tena Machogu hakuziuza tu, alizitengenezesha. Alikuwa na mashine ya kunasa sauti, ya betri, nzito kama debe la mahindi. Aliituma vijijini kutafuta waimbaji, kisha utepe ukapelekwa Nairobi, ukarudi umekuwa santuri.

Pamoja na mashine kulikuwa na maikrofoni, na pamoja na maikrofoni kulikuwa na stendi yake. Walter aliipenda ile stendi kuliko vyote. Ilikuwa ya chuma cheusi, ina miguu mitatu inayofunguka kama ya ndege anayetua, na juu kabisa ina kibanio cha kukamata maikrofoni shingoni. Aliipangusa kwa kitambaa kila jioni. Orpah alikuwa akimtania, "Ungenioa mimi na miguu mitatu ungekuwa unanipangusa hivyo?"

Sasa, Machogu alikuwa na vijana wawili dukani, Walter na Thadeus, na mashine ilikuwa moja. Siku moja ya katikati ya wiki akamwita Walter mbele ya Thadeus.

"Wiki hii nakupa wewe," akasema. "Nina wimbo wa upande mmoja wa santuri, sina wa upande wa pili. Ukiniletea Jumapili asubuhi, mashine ni yako, uzunguke nayo Gusii yote. Ukirudi mikono mitupu, nampa Thadeus, na wewe utarudi kule nilikokutoa, kubeba saruji."

"Nitaleta, Bwana."

"Na sitaki wimbo wowote tu. Kuna mama mmoja wa Birongo nilimsikia kwenye harusi Keroka, anaimba ule wimbo wa kusaga wimbi kwenye jiwe. Watu walicheka mpaka bwana harusi akasahau bibi yake. Anaitwa Nyamoita."

Nyamoita alikuwa mama yake Orpah. Yaani mama mkwe wa Walter.

Hapa nieleze kidogo kwa wale waliozaliwa juzi. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono. Hawaketi wakatazamana usoni. Mmoja akija na njia hii, mwingine anashika ile. Wala si ugomvi, ni heshima, na kwa Kigusii tunaiita chinsoni. Na maikrofoni, kama hujawahi kuiona kazini, inataka kukaribia mdomo wa mtu kama kijiko.

Jioni Orpah akamwuliza, "Kwa nini hukumwambia bosi wako ni nani?"

"Nimwambie vipi? Thadeus alikuwa nyuma yangu, ananipumulia shingoni."

"Sasa utafanyaje? Utamwekea mama kile kitu mdomoni?"

"Mimi? Hata!" Walter akacheka, akaipiga stendi kibao kidogo kama ng'ombe mzuri. "Huyu ndiye atakayesimama mbele ya mama. Wewe utamweka. Mimi nitakaa nje na mashine, nyuma ya ukuta, waya nimeupitisha dirishani. Stendi haina mkwe, Orpah. Stendi haina hata kabila."

Ijumaa asubuhi wakapanda basi la Keroka, Orpah na mtoto mgongoni, Walter na mashine mapajani. Stendi ilifungwa juu ya basi pamoja na mikungu ya ndizi. Kutoka Keroka wakashika njia ya Birongo kwa miguu, wakafika jua likiwa limepanda sawasawa.

Nyamoita alikuwa amejulishwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine mrefu zaidi. Alivaa gauni lake la kanisani. Mumewe, Mzee Ongeri, alikuwa amevaa koti, amekaa mlangoni na fimbo, kama mtu anayengoja kupigwa picha. Na dada yake Ongeri, Persis, alikuwa amekuja tangu mapema "kusaidia." Persis naye alikuwa mwimbaji. Yeye ndiye aliyekuwa akisema hivyo.

Walter akasalimia kwa mbali, akitazama majani ya mgomba. Akazunguka nyuma ya nyumba, akatua mashine chini ya dirisha la jikoni, akafungua stendi. Miguu ikafunguka vizuri. Akapandisha mkono juu kabisa kutafuta kibanio.

Hakuna kibanio.

Akatazama chini. Akatazama ndani ya gunia. Akamtazama Orpah.

"Kimelegea njiani," akasema polepole. "Kimeanguka kule juu ya basi. Kiko barabarani Keroka, kuku wanakidonoa."

"Si tufunge na kamba?"

Wakafunga. Orpah akachana ganda kavu la mgomba, akaifunga maikrofoni juu ya stendi kama mtu anayefunga fito za nyumba, akaiingiza jikoni. Nje Walter akavaa vile vidude vya masikioni. Kamba ya mgomba ikikauka inalia. Kila Nyamoita alipovuta pumzi, ile kamba ilifanya kwaruu, kwaruu, na masikioni mwa Walter ilikuwa kama mtu anatafuna mkeka.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Orpah akatoka nje, ameshika kiuno.

"Mama hasimami."

"Hasimami vipi?"

"Anasema wimbo wa kusaga unaimbwa ukiwa unasaga. Amepiga magoti kwenye jiwe. Stendi yako iko juu huko, inamtazama kisogoni kama askari."

Orpah akaitoa stendi nje, Walter akaishusha mpaka ikagoma. Ilikuwa imetengenezwa na wazungu kwa ajili ya watu wanaoimba wamesimama. Hata ikiwa fupi kabisa, ilimfikia mtu aliyesimama kifuani. Orpah akarudi ndani kumbembeleza mama yake, na Walter akasikia jibu dirishani bila kuhitaji mashine.

"Nisimame niimbe kama mti? Huu wimbo unatoka magotini, Orpah. Na isitoshe leo ni Ijumaa. Nina unga wa Sabato wa kusaga. Jua likizama sisagi, na siimbi nyimbo za dunia. Mwambie bwana yako asinichezee jua langu."

Familia ya Ongeri walikuwa Wasabato, na Nyamoita hakuwa mtu wa kukopa dakika kwa Mungu. Kinu cha posho kilikuwepo Keroka siku hizo, lakini alisema wimbi la mashine lina ladha ya dizeli. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: wimbo uko jikoni, umepiga magoti, na utakufa jua likizama. Jumapili asubuhi Machogu anangoja. Na Thadeus anasugua mikono.

"Basi mtu aishike maikrofoni," Walter akasema. "Mtu yeyote. Isipokuwa mimi."

Wa kwanza alikuwa Orpah. Akachuchumaa mbele ya mama yake, mtoto mgongoni, akanyoosha maikrofoni. Nyamoita akainama, akasukuma jiwe, akaanza. Nyamusi akasikia sauti ya bibi yake, akatoa kichwa juu ya bega la Orpah, naye akaanza. Aliimba "aaaa" bila kupumzika, akinyoosha mkono kukamata kile kitu kinachong'aa. Wakamtoa mgongoni, akalia. Wakamrudisha, akaimba. Ukimpa Persis ambebe, analia na kuimba pamoja.

"Lete hapa," akasema Persis. "Hiki kitu kinataka mtu mzima."

Persis akashika. Mara ya kwanza ilikwenda vizuri kabisa. Nje Walter akafumba macho, akatabasamu. Kisha sauti ya Nyamoita ikaanza kwenda mbali, mbali, kama mtu anayevuka mto, na badala yake ikaja sauti nyingine nyembamba, inayotetemeka mwishoni mwa kila neno. Walter akafungua macho.

"Orpah! Nani huyo anaimba?"

Ndani Nyamoita alikuwa ameacha kusaga. "Wifi yangu," akasema kwa upole, "hicho kitu kinakaa mdomoni mwa nani?"

Persis akatazama. Maikrofoni ilikuwa imegeuka, iko chini ya kidevu chake mwenyewe.

"Kimegeuka chenyewe," akasema Persis. "Labda kinajua kinachotafuta."

"Labda kinatafuta njia ya kutoka."

Hapo Mzee Ongeri akainuka mlangoni, akaweka fimbo chini. Alisema wanawake wanachezea umeme. Aliketi kwenye kigoda karibu na mkewe, akashika maikrofoni kwa mikono miwili kama anayeshika Biblia, na mkono wake ulikuwa imara kweli. Walter akasikia sauti safi. Nyamoita akaimba. Wimbo wenyewe ulikuwa kwa Kigusii, nitauandika kwa Kiswahili jinsi Orpah alivyoutoa:

*Saga, jiwe langu, saga,*
*kuna mtu ameketi mlangoni.*
*Jembe lake limeota uyoga,*
*lakini tumbo lake linajua saa.*

Ongeri alikuwa ameusikia wimbo huo maisha yake yote ya ndoa. Lakini alikuwa akiusikia akiwa mlangoni, kwa mbali, kati ya kuku na watoto. Hakuwahi kuketi mbele yake akautazama usoni. Akageuza maikrofoni upande wake.

"Yaya!" akasema ndani yake kwa sauti ya mkutano. Yaya kwetu ni hapana. "Uongo! Jembe langu lile pale. Mnaosikia huko Kisii, njoni muone kama lina uyoga."

"Tata, hatujaanza kusikika huko Kisii," Orpah akamwambia. Tata ndivyo tunavyomwita baba. "Ni utepe tu."

"Basi utepe usikie."

Wakaanza tena. Akafika kwenye uyoga, Ongeri akajibu tena. Wakaanza tena. Safari hii hakusema, aliguna tu, lakini mguno wa Ongeri karibu na maikrofoni ulikuwa kama ng'ombe anaingia nyumbani. Nje, Walter alirudisha utepe, akarudisha, akarudisha, na kila aliporudisha alitazama kivuli cha mgomba. Kilikuwa kimefika kwenye mashine. Kilikuwa kinapanda gunia.

"Orpah," akaita, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Mwambie mama tunashukuru. Nitamwambia Machogu haikuwezekana. Saruji si kazi mbaya. Inajenga kifua."

Orpah alisema kwamba hapo ndipo alipotaka kulia. Haikuwa kwa sababu ya saruji. Alimwona Walter akikunja mguu mmoja wa stendi, polepole, akiupangusa vumbi kwanza.

Akaingia ndani, akasimama mlangoni na mtoto. Mama yake alikuwa bado amepiga magoti, na ungo ulikuwa nusu tu.

"Anafunga vitu vyake, Mama."

Nyamoita akautazama ungo. Akautazama mwanga mlangoni. Akamtazama mumewe, kisha wifi yake.

"Tokeni," akasema.

"Nani?" Ongeri akauliza.

"Nyote wawili. Nendeni mkahesabu uyoga. Orpah, leta hicho kitu. Watu wote hawa hawana mikono? Mtoto akisumbua jikoni tunamfanyaje? Si tunamfunga?"

Akachukua ngata yake ya kubebea mtungi, ile ya nguo kuukuu iliyosokotwa, akaikaza kidogo, akaichomeka maikrofoni katikati, shingo ikakamatwa kama yai kwenye kiota. Akaiweka kifuani, chini kidogo ya koo. Kisha akachukua leso, akajifunga yeye na ngata na maikrofoni, fundo likaenda nyuma ya bega, jinsi unavyofunga mtoto mchanga anayenyonya. Akainama mbele, akarudi nyuma. Kitu kikaenda naye, kikarudi naye. Hakikulia wala hakikucheza.

"Nimwambie uko tayari?" Orpah akauliza, akijiuma mdomo.

"Nani yuko tayari? Mimi ninasaga unga wangu. Kama mtu anataka kusikiliza, asikilize."

Nje Walter alisikia Orpah akigonga ukuta, akavaa vidude vyake bila matumaini, akawasha. Na hapo, alimwambia Orpah baadaye, alidhani mashine imebadilishwa. Sauti ya Nyamoita ilikuwa ndani ya kichwa chake, karibu, nzito, kila pumzi mahali pake. Jiwe lilikuwa mbali kidogo, shuu, shuu, kama mvua inayokuja kutoka upande wa Manga. Na chini ya vyote, chini kabisa, kulikuwa na mdundo. Du-dum. Du-dum. Ulikuwa na mwendo wake, na wimbo ulipochangamka nao ukachangamka. Hakuwa amewahi kunasa ngoma nzuri kama hiyo.

Wimbo ukaenda mpaka mwisho. Palipofika uyoga, kwa mbali, kutoka uani, ikasikika sauti ndogo ya mzee: "Yaya!" Ikatulia. Nyamoita akamalizia, akapuliza pumzi ndefu, jiwe likasimama. Ungo ulikuwa umejaa.

Walter akazima. Akaruka. Akacheza kidogo peke yake kule nyuma ya nyumba, Orpah alimwona dirishani.

"Nani ameshika?" akaita. "Orpah, nani alikuwa na mkono huo?"

Orpah akatoa kichwa dirishani.

"Hakuna aliyeshika," Orpah akasema.

"Si iko mahali fulani? Na ile ngoma? Nani alikuwa anapiga ngoma polepole vile?"

Hapo Persis, aliyekuwa amezunguka uani na hawezi kubeba neno mdomoni kwa muda mrefu kuliko maji, akasema, "Mkwe wetu, kile kitu kimefungwa kifuani kwa mama mkwe wako."

Orpah alisema Walter alivua vile vidude masikioni kama mtu aliyeshikwa na siafu. Vikaanguka kwenye majani. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akavitazama.

"Nimesikiliza moyo wake," akasema.

"Umesikiliza," Persis akakubali.

"Nimesikiliza moyo wa mama mkwe wangu."

Mzee Ongeri akaja akiegemea fimbo. Alipoelezwa, akavua kofia, akakuna kichwa. Jambo kama hilo halikuwahi kutokea tangu Gusii iwe Gusii. Wazee walizungumza juu ya mkono, juu ya mlango, juu ya kitanda na kigoda. Hakuna aliyezungumza juu ya moyo, maana nani angeweza kuusikia?

"Ulimwona?" akauliza.

"La, Baba. Kuna ukuta."

"Ulimgusa?"

"La."

"Basi ni masikio tu. Masikio hayana..."

"Masikio hayana chinsoni?" Persis akamkata. "Kaka yangu, hata daktari anavaa vitu kama hivyo akitaka kusikia moyo wa mtu, na analipwa kwa hiyo aibu!"

Ongeri akaitazama ile mashine kama inaweza kumshauri. "Labda," akasema mwishowe, "labda ufute. Ufute tu, mwanangu, tulale na amani."

Walter hakubisha. Hilo ndilo Orpah hajalisahau. Alipiga magoti mbele ya mashine, akaurudisha utepe mwanzo, na kidole chake kikaenda kwenye kile kitufe chekundu. Alijua ni kazi yake inayofutwa. Lakini alikuwa amelelewa vizuri, na aibu ilikuwa imempanda mpaka kwenye nywele.

Ndipo sauti ikatoka dirishani. Haikumwita yeye. Mama mkwe hamwiti mkwe wake.

"Nyamusi," Nyamoita akamwambia mtoto mgongoni kwa Orpah, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "mwambie baba yako kile alichosikia ni jiwe."

Nyamusi akatafuna kidole.

"Mwambie jiwe langu ni la zamani. Lilikuwa la mama yangu. Chini halikai sawasawa, likisaga linagonga. Linafanya du-dum. Kila mtu wa hapa anajua."

Ongeri akavaa kofia.

"Ee," akasema. "Jiwe. Lile jiwe linagonga sana. Hata usiku wa kuamkia harusi yetu lilikuwa linagonga."

Wakamtazama Persis. Persis aliusoma uso wa kaka yake, akautazama mlango wa jikoni, akamtazama Walter aliyepiga magoti na kidole hewani. Na Persis, pamoja na maneno yake yote, hakuwa mtu mbaya.

"Nilishamwambia atafute jiwe lingine," akasema. "Hanisikii."

Walter akaondoa kidole.

Ikabaki jambo moja: maikrofoni yenyewe. Itarudije mikononi mwake, ikitoka pale ilipokuwa? Kwetu kitu kikitoka kwa mkwe kwenda kwa mkwe hakipewi mkono kwa mkono. Kinawekwa mahali kwanza, kipumzike, ndipo mwingine akichukue. Lakini mashine hizi haziwekwi chini kwenye vumbi. Jua nalo lilikuwa limegusa mlima.

Orpah akamwangalia Walter, na wote wawili wakaitazama stendi. Ilikuwa imesimama nyuma ya nyumba na mguu mmoja umekunjwa, siku nzima haijafanya kazi yoyote.

Orpah akaufungua ule mguu, akaisimamisha katikati ya ua. Akaingia jikoni, akatoka na maikrofoni ikiwa bado kwenye ngata yake. Akaichomeka ngata juu ya stendi pale kibanio kilipokuwa, akaizungushia leso, akaifunga. Ikakaa. Walter akangoja kidogo, kwa adabu, ipumzike. Kisha akaenda akaichukua stendi nzima kama ilivyo, akaibeba begani.

"Unaona?" akamwambia Orpah. "Nilikwambia haina mkwe."

Jumapili asubuhi Machogu alisikiliza utepe akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi. Thadeus alikuwa amesimama karibu na mlango. Palipofika ile "Yaya!" ya uani Machogu akacheka chai ikamwagika. Kisha akainamisha kichwa kwenye spika.

"Hiyo ngoma ya chini," akasema, "nani anaipiga? Haijasikika kwenye santuri yoyote."

"Ni jiwe, Bwana," akasema Walter, akitazama dari. "Jiwe la kusagia. Chini halikai sawasawa."

"Jiwe!" Machogu akapiga meza. "Thadeus, umesikia? Mtu ananiletea jiwe linaloimba. Mashine ni yako, Walter."

Akazunguka nayo miaka mingi, Nyamarambe, Nyamira, hata Sotik. Machogu alimnunulia kibanio kipya kutoka Nairobi. Walter alishukuru, akakiweka kabatini. Alitumia ngata ile ile na leso ile ile, maana haikulia wala haikucheza, na mwimbaji yeyote aliyetaka kuishika ovyo aliambiwa, "Pole pole, hapo ni kwa mama mkwe wangu." Watu walidhani ni mzaha.

Santuri ilifika Birongo karibu na Krismasi. Walter aliileta pamoja na gramafoni ya dukani ya kukoroga kwa mkono. Akaiweka kwenye kigoda katikati ya ua, iwe mahali penye heshima kwa wote, na yeye akaenda kuketi nyuma ya ukuta, chini ya dirisha lile lile. Jua lilikuwa limezama, ugali ulikuwa umeliwa. Orpah akakoroga, akatua sindano.

Jiwe likaanza. Kisha Nyamoita, kutoka ndani ya sanduku, akamwambia jiwe lake lisage. Ongeri aliketi mbele kabisa, na alipojisikia akisema "Yaya!" akaangalia nyuma kuona ni nani, watu wakaanguka kwa kicheko. Akataka irudiwe. Ikarudiwa. Akataka tena. Kila ilipofika mwisho, mtu mmoja alisema, "Jiwe zuri," na wengine wakaitika, "Zuri sana," na kule nyuma ya ukuta mtu alikohoa.

Nyamusi alilala wa kwanza, kinywa wazi. Persis alisema yeye angeimba mwisho ule tofauti kidogo, akaonyesha jinsi gani, akasinzia kabla ya kumaliza kuonyesha. Ongeri alilala akiwa ameketi, kofia puani. Walter alikwenda kulala nyumba ya shemeji yake ng'ambo ya shamba, na haikuchukua muda wakasikia anakoroma. Orpah akakoroga gramafoni mara moja tu zaidi, kwa sababu mama yake hakuwa ameomba na alionekana anataka. Kisha akajilaza mkekani karibu na mtoto, akafumba macho nusu.

Nyamoita alikuwa amekaa ameegemea nguzo, miguu imenyooka, mikono juu ya mapaja. Wimbo ulipokuwa ukienda, mikono yake ilikwenda nao, mbele na nyuma, ikisaga kitu kisichokuwepo. Orpah aliitazama, usingizi ukimjia. Sindano ikafika mwisho, ikabaki ikizunguka pale, shuu, shuu, na mikono ya Nyamoita ikaendelea kidogo, pole pole, mbele, nyuma, mbele, kisha ikatulia mapajani naye akalala.